Kila Novemba Tunahama

Ijumaa saa tatu usiku huwa nimeshakula, nimeshaaga sebuleni, nimefunga mlango wa chumbani na kuvaa hedifoni. Hapo ni Dar. Muscat ni saa nne. Leicester, majira ya baridi, ni saa kumi na mbili jioni, na kaka ndiyo kwanza anavua viatu vya kazini. Tanga ni saa tatu kama kwangu, na huko ndiko aliko mdogo wangu wa mwisho, ambaye siku zote anakuwa wa kwanza kufika. Nikiwasha mashine ya gemu nakuta jina lake liko kwenye pati, kile chumba cha maongezi cha mtandaoni, halafu nasikia sauti yake: "Shikamoo braza. Leo umechelewa."

Tuko wanne. Mimi, mdogo wangu, kaka yetu mkubwa aliyekwenda Uingereza, na binamu yetu, mtoto wa mjomba, ambaye anafanya kazi Oman. Kwa zaidi ya miaka mitano tumekuwa tukikutana kwenye gemu ya Call of Duty kurushiana risasi na watu tusiowajua. Lakini ungemsikilizisha mtu mazungumzo yetu bila picha, angedhani tumekaa barazani: presha ya mama mkubwa inaendeleaje, shamba la Muheza limefikia wapi, Coastal, timu yetu ya Tanga, wamefungwa na nani tena. Katikati ya hayo mtu anasema "kushoto, kushoto, dirisha la juu," mwingine anafyatua, na stori inaendelea pale ilipoachwa.

Mke wangu aliniuliza kwa upole kwa nini tusipige simu tu, bure, kwenye WhatsApp. Tumejaribu. Simu ya wanaume wanne wa familia moja inaisha dakika ya sita. Wazima? Wazima. Watoto? Wazima. Haya. Wazee wetu walilijua jambo hili, ndiyo maana baraza lilikuwa na bao. Macho yakiwa kwenye kete na mkono ukiwa na shughuli, mdomo unafunguka wenyewe. Babu yangu alimwambia rafiki yake habari ya kufiwa na mtoto huku akihesabu kete, na mwenzake akamjibu bila kuinua kichwa, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Kwetu sisi pedi ya gemu ndilo bao.

Tofauti ni kwamba bao la babu lina mashimo 32 na kete 64, limechongwa kabla sijazaliwa, na kete ikipotea unaokota komwe nyingine. Hili letu linauzwa upya kila mwaka. Na kila mwaka tunalinunua. Watu wananiuliza, "Si ulinunua mwaka jana?" nami najibu kwamba hii ni mpya, huku nikijua kuwa jibu hilo halitoshi. Kwa hiyo nimekaa nalo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwa wasioijua historia: Call of Duty ya kwanza ilitoka Oktoba 2003, gemu ya kompyuta ya Vita vya Pili vya Dunia, kazi ya studio changa ya Infinity Ward. Tangu 2005 haujapita mwaka bila toleo jipya. Activision, mwenye mali, alizipokezanisha studio mbili, Infinity Ward na Treyarch, na kuanzia 2014 Sledgehammer nayo ikapata zamu yake, ili kila jiko lipate kama miaka mitatu ya kupika huku mezani sahani mpya ikitua kila mwaka. Bei ilikaa dola 60 kwa muda mrefu. Sasa ni 70. Toleo la 2011 liliingiza dola bilioni moja kwa siku 16. La 2022 lilifika hapo kwa siku 10.

Sasa linganisha na gemu za mpira. Mwenye banda la gemu mtaani analazimika kutafuta toleo jipya kwa sababu vijana hawakubali kumwona mchezaji kwenye jezi ya klabu aliyoihama. Kuna kitu nje ya gemu kinachozeeka. Bunduki haihami klabu. Ukuta uliojificha nyuma yake mwaka 2019 ni ukuta ule ule mwaka 2023. Diski ya 2007 ukiiweka leo kwenye mashine yake itacheza kama siku ya kwanza, kwa sababu haishiki kutu.

Hapo ndipo penye taabu ya muuzaji. Mchumi Ronald Coase aliandika mwaka 1972 juu ya mtu anayeuza kitu kinachodumu: hata akiwa peke yake sokoni, anashindana na nafsi yake. Muuza masufuria mazuri akishakuuzia moja, hamwonani tena kwa miaka ishirini. Afanye nini ili urudi mwaka kesho? Kulitoboa sufuria lako hawezi, utamchukia. Lakini wale uliokuwa ukiwapikia wakihamia nyumba ya pili, sufuria lako litabaki jikoni zima kabisa, na wewe utafuata.

Gemu ya watu wengi inakaa hivyo hivyo. Tunaona kama tunanunua bunduki na ramani, yaani viwanja vya kupigania, kumbe sehemu kubwa ya thamani yake ni watu waliomo ndani. Mechi ya kawaida ya sita kwa sita inataka watu 12, wanaotaka aina ile ile ya mchezo, dakika ile ile, wasio mbali sana na seva, ile kompyuta inayoendesha mechi, na wenye uwezo unaokaribiana. Mwaka 2024 Activision wenyewe walichapisha maelezo marefu ya jinsi wanavyowapanga wachezaji, wakasema kwamba walipojaribu kupunguza uzito wa uwezo, wachezaji wengi walizidi kuacha mechi na kutorudi. Maana yake ni kwamba umati mkubwa ni sharti la gemu yenyewe kuwa nzuri. Umati ukipungua kidogo, kusubiri kunaongezeka. Kusubiri kukiongezeka, mtambo unakupangia yeyote aliyepo, hata bingwa atakayekuua mara thelathini. Ukiuawa mara thelathini, unaondoka na wewe. Hakuna aliyezima seva, na gemu imekufa.

Na hapa nataka mtu wa pwani yetu anisikie, kwa sababu wanaoandika kuhusu mambo haya huwa wanaishi karibu na seva. Sisi tuko pembezoni. Mechi zetu nyingi zinaangukia Ulaya, na ile pingi, muda wa mawasiliano kwenda seva na kurudi, ikiwa milisekunde 150 tunashukuru Mungu. Wakati wetu wa kucheza, usiku wetu, si lazima uwe wakati wao. Gemu ya zamani inapoanza kukauka, haikauki kila mahali kwa pamoja. Kijana wa London atapata mechi kwenye gemu ya miaka mitatu iliyopita bila kusumbuka. Wa Tanga ataangalia kimduara kinazunguka. Maji yakipungua kwenye birika, anayekosa kwanza ni wa mwisho wa bomba.

Nilisema nimeulizwa kwa nini nanunua. Wengine hawaulizi, wanahukumu: wachezaji ni kondoo, wanalalamika kisha wanalipa. Ushahidi wao maarufu ni wa mwaka 2009. Modern Warfare 2 ilipotangazwa kuwa toleo la kompyuta halitakuwa na seva ambazo wachezaji wanaziendesha wenyewe, watu walikasirika, wakaunda kundi la kuisusia kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Gemu ikatoka Novemba 10. Mtu akapiga picha orodha ya wanachama wa kundi lile, na pembeni ya jina baada ya jina imeandikwa wanachocheza wakati huo: Modern Warfare 2. Picha ile imechekwa kwa miaka.

Mimi siicheki, kwa sababu yalitupata.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, tuliapa kwenye grupu letu la WhatsApp. Kaka ndiye aliyeanzisha, kwa sauti, kama mtu anayesoma tangazo: mwaka huu hatununui, hela hiyo tupeleke kwenye bati za nyumba ya mama. Sote tukaweka vidole gumba. Mdogo wangu akaandika "Amina".

Gemu ikatoka. Ijumaa ya kwanza tukakutana kwenye ile ya zamani kama kawaida, tukawa na furaha ya watu waliofunga swaumu pamoja. Ijumaa ya pili binamu hakuja. Kumbe kule kazini kwake Muscat vijana wote walishahamia, na yeye anacheza nao siku za kati ya wiki, akaona haya kusema. Nilijua kwa kuangalia orodha ya marafiki. Nukta ya kijani, jina lake, na chini yake maandishi madogo ya gemu nyingine. Kaka akanitumia ujumbe pembeni, si kwenye grupu: "Binamu kashaenda. Tukibaki watatu hatujai." Nikamjibu, "Na bati?" Akasema, "Bati tutanunua." Jumapili ile kaka akanunua. Jumatano nikanunua mimi.

Hakuna kati yetu aliyeshawishiwa na tangazo. Kila mmoja alimfuata mwenzake, na wa kwanza aliwafuata watu wa kazini kwake. Stendi ya mabasi ya mikoani ilipotoka Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021, mama ntilie waliohamia Mbezi hawakuhama kwa sababu huko ni kuzuri zaidi. Walifuata abiria. Kumwita mtu kama huyo kondoo ni kutomtendea haki. Kila mmoja wetu, akipiga hesabu yake peke yake usiku, alifanya lililo sawa. Tukijumlisha hesabu zetu wanne ndipo tunakuta bati za mama hazipo.

Lakini nisidanganye kwamba ni kuhama kwa machozi tu. Wiki mbili za mwanzo za gemu mpya ni tamu, na nazisubiri kama mtoto anavyosubiri Idi. Kila mtu yuko ngazi ya kwanza. Hakuna anayejua mlango wa nyuma uko wapi. Bunduki yako ni ya kuanzia, haina darubini wala haina chochote, na yule bingwa anayekusumbua mwaka mzima naye anazo hizo hizo. Watu wanagongana kwenye kona kama wageni kwenye nyumba yenye giza. Halafu unapanda ngazi, ule mlio unalia, kitu kinafunguka.

Novemba 2007, Call of Duty 4: Modern Warfare ilileta ngazi 55 za namna hiyo, pamoja na zawadi za papo hapo: ua watatu bila kufa unapata ndege ya kupeleleza, watano unaita mabomu, saba unaita helikopta. Ukifika ngazi ya 55 unaulizwa kama unataka kuanza upya. Ukikubali, vyote ulivyovihangaikia vinafungwa, unarudi chini kabisa, unaachiwa nembo tu kando ya jina lako. Waliita Prestige, na ungeweza kuifanya mara kumi. Fikiria jambo hilo: mtu anatupa kwa hiari jasho lake la miezi ili apate nafasi ya kulitoa tena. Na watu walikubali kwa furaha. Naamini kila Novemba iliyofuata ni Prestige kubwa zaidi, ila hii inalipiwa dola 70, na nembo yake ni kwamba uko pale walipo wenzako.

Kwa hiyo haishangazi kwamba kilichomo ndani kinaweza kuwa cha zamani kabisa na bado tukakipokea. Ramani ya Nuketown ilikuja na Black Ops mwaka 2010: nyumba mbili zinazotazamana, uwanja katikati, basi na lori vimesimama njiani, masanamu ya watu yamepangwa kama familia inayosubiri wageni. Imerudi kwenye kila Black Ops iliyofuata ikiwa na rangi mpya. Naijua kuliko ninavyoijua njia ya kwenda kwa shemeji zangu. Na Modern Warfare III ya 2023 ilifunguliwa na ramani 16, zote zikiwa za 2009 zilizosafishwa upya. Mtu aliyelipia mwaka 2009 alilipia tena. Nilipoziona kwa mara ya kwanza sikuhisi kuibiwa. Nilihisi nimerudi mtaa niliokulia nikakuta wamepaka rangi. Hisia hiyo ni ya kweli na sitaki kuionea haya, ingawa najua kuna mtu ofisini anayeijua vizuri pia.

Uchungu unakuja kwenye gharama, hasa kwa mtu wa kwetu. Dola 70 ni zaidi ya shilingi 170,000 kabla hujagusa bando. PlayStation haina duka rasmi la mtandaoni kwa Tanzania, hivyo wengi wetu tuna akaunti zinazosema tunaishi Marekani au Uingereza, na tunanunua kadi kwa watu wa kati wanaoweka cha juu. Diski nayo si kimbilio kama zamani: nakala ya PS5 ya Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na takriban megabaiti 70 tu za gemu ndani yake, zilizobaki zote ni za kushusha mtandaoni. Anayeishi kwenye faiba isiyo na kikomo hilo haoni. Anayesubiri bando la usiku, akaamka saa nane kuangalia asilimia, analiona.

Na mdogo wangu ni huyo wa pili.

Sikuyaona haya mapema, na ni jambo linaloniuma. Tulipohama sote watatu, nilidhani atakuja mwezi unaofuata. Anafanya kazi kiwandani kwa zamu, ana mtoto mchanga. Hakusema hapana, alisema "nakuja, braza". Wiki sita zikapita. Siku moja nimemaliza mechi nikafungua orodha ya marafiki nikitafuta kitu kingine, nikaona jina lake. Nukta ya kijani. Chini yake, gemu ya zamani. Saa tatu na nusu usiku, Ijumaa. Nikampigia. Nikamuuliza anacheza na nani. Akasema, "Na maboti, wachezaji bandia wa mashine. Mechi hazipatikani sana siku hizi, lakini si mbaya, nafanya mazoezi."

Kulikuwa na njia ya bure. Warzone, tawi la Call of Duty, ilifunguliwa Machi 2020 bila malipo, na yeyote mwenye mashine anaingia. Kaka alisema twende huko ili dogo awepo, na tukaenda. Ni kweli baraza hilo halina kiingilio, ila limekaa kibiashara. Mechi ni ndefu, ukifa mapema unakaa kutazama wenzako, na silaha zinapanda ngazi haraka zaidi kwa mtu aliyenunua gemu ya mwaka, kwa sababu anazinoa kule kwenye mechi fupi kisha anakuja nazo zimekamilika. Dogo alikuja na bunduki butu. Alikufa wa kwanza mara nyingi akawa anatuangalia. Alicheka, lakini ninamjua anavyocheka akiwa amefurahi.

Wanaosema hakuna namna nyingine ya kuendesha biashara hii waitazame Counter-Strike, gemu nyingine ya risasi. Toleo la 2012 liliendelea kuwa lile lile, likirekebishwa na kuongezwa, mpaka 2023, na Counter-Strike 2 ilipokuja iliwakuta watu pale walipo, bila kuwalipisha kuhama, na skini zao, yale mapambo ya silaha, zikaja nao. Wanapata pesa kwa njia zao, na nyingine sizipendi, hasa yale makasha ya bahati nasibu. Lakini hawakuuacha umati stendi ya zamani. Hata kwenye Call of Duty yenyewe watu wameonyesha wanachotaka: Julai 2023, mfumo wa kutafutia mechi kwenye matoleo ya kale ya Xbox 360 ulipotengenezwa baada ya kuharibika, watu walimiminika kurudi kwenye gemu za zaidi ya miaka kumi, wakakuta mechi zinajaa tena. Gemu hazikuwa zimechakaa. Zilikosa watu, basi.

Mwaka jana nilichukua zamu yangu ya mchezo, ule wa kupeana fedha pale kazini, nikamnunulia mdogo wangu. Alikubali kwa sababu nilimwambia ni zawadi ya mtoto. Sasa ni Oktoba tena, na siwezi kufanya hivyo kila mwaka, na yeye hataki nifanye.

Ijumaa iliyopita nikapendekeza kitu. Turudi ile gemu ya zamani, tuliyoapa nayo, tufungue mechi ya faragha, wawili kwa wawili. Mechi ya faragha haihitaji umati. Wanne tunatosha, kama bao. Wote wakafurahi. Binamu akawa tayari, dogo hakuwahi kuifuta. Mimi nilikuwa nayo bado. Kaka akanyamaza kidogo, halafu akasema alishaifuta ili apate nafasi ya hii mpya, na kuishusha upya ni zaidi ya gigabaiti mia moja. "Ngoja nianze," akasema. "Msiondoke."

Hatukuondoka. Tulikaa kwenye pati, skrini zetu zikionyesha menyu, kila mtu akishika pedi bila kubonyeza. Dogo alituambia mtoto ameota jino na halali. Binamu akasema mkataba wake unaisha Machi na hajui kama atabaki Muscat, jambo ambalo hajamwambia mjomba. Kaka alisoma asilimia kila baada ya muda: 22, 31, 40. Tukaongea bati, kwa bei za sasa, geji 28 na geji 30, na nani atamsimamia fundi. Ilipofika 58 kaka alikwenda kupika, tukasikia kitunguu kikikaangwa Leicester.

Saa sita kasoro ilikuwa 71. Dogo akasema ana zamu ya asubuhi, akaaga.